Mwaka Tulipofuata Sinia

Espé hunitumia ujumbe wa maandishi. Akitaka kunitania anaandika, akitaka niombee mtihani wake wa uuguzi anaandika. Kwa hiyo nilipoona amenitumia sauti asubuhi nikiwa shuleni, nilijua kabla ya kuifungua. "Yaya," alisema, "Papa ametuacha. Kilio kiko hapa Buffalo, Jumamosi tunamuzika. Beba tarumbeta." Yaya kwao Kongo ni kaka au dada mkubwa. Kwetu Kenya ni mlezi wa watoto, na miaka yote hii sijalizoea. Nilisimama kwenye korido huku wanafunzi wangu wa darasa la muziki wakigombana nyuma ya mlango, nikaanza kuwaza: je, baridi ya Buffalo itagandisha vali za tarumbeta, je, suti yangu nyeusi bado inanitosha, na lile neno "beba" lilikuwa ombi au amri, na kama ni amri, ya nani sasa. Ndivyo nilivyo. Mtu ninayempenda akifa, mimi huanza na vali.

Kutoka Louisville hadi Buffalo kwa gari unapita Columbus, upende usipende. Nilipoona kibao cha kukatia kwenda Hilliard nilipunguza mwendo bila sababu, na dereva wa lori nyuma yangu akanipigia honi. Huko Hilliard ndiko nilikoishi mwaka ninaotaka kuusimulia, katika chumba cha chini ya nyumba ya muuguzi mmoja Mkenya ambaye nilimwona zaidi kwa viatu vyake mlangoni kuliko kwa uso. Nilikuwa na shahada ya kwanza kutoka Louisville, na sasa nilikuwa Columbus kwa shahada ya pili ya historia ya muziki. Dirisha lilikuwa usawa wa majani, hivyo nilitazama dunia kutoka kifundo cha mguu. Nilikula maharage ya kopo na wali nikiwa nimesimama, kwa sababu meza ilikuwa imejaa vitabu, na ukutani juu ya kitanda nilikuwa nimebandika nakala ya picha moja ya zamani: msafara wa mtawala wa Kijerumani, farasi, bendera, na wapiga tarumbeta waliovaa sare moja ya mahameli. Mmoja wao ni mweusi. Ana kilemba chenye unyoya, na shingoni ana mkufu mpana wa fedha kama ukosi. Amevimbisha mashavu, anapuliza. Hatumjui jina alilozaliwa nalo.

Tasnifu yangu ilikuwa juu yake na wenzake. Katika karne zile kasri nyingi za Ulaya zilipenda kuwa na Mwafrika mmoja au wawili, kama zilivyopenda kasuku na saa za dhahabu. Wengi waliuzwa wakiwa watoto, wakapokezwa mkono kwa mkono kama zawadi kati ya wakubwa, wakabatizwa kwa majina ya wadhamini wao. Mwenye sikio zuri alikabidhiwa kwa bwana wa tarumbeta au wa ngoma za shaba, akafunzwa. Na hapo ndipo akili yangu ilipokwama, kwa maana wapiga tarumbeta walikuwa chama chenye wivu na heshima, watu waliokwenda na jeshi na kumtangaza mtawala, na hawakumpokea mtu ovyo. Sasa mtu aliyenunuliwa, akafunzwa, akapokelewa, akavikwa mahameli ileile na wenzake, ni mtumwa au si mtumwa? Wanahistoria wanabishana. Msimamizi wangu, ambaye Wamarekani walimwita Ellen na mimi kwa aibu nilimwita Profesa Ellen, aliniambia nisitafute jibu kubwa, nitafute swali dogo. Nikalipata. Katika kasri kila mtu alikuwa na meza yake kwa amri: meza ya wakubwa, meza ya makatibu, meza ya wapiga tarumbeta, meza ya wapishi, na kadhalika hadi kwa anayekula amesimama jikoni. Swali langu likawa: huyu mtu, baada ya kupuliza tarumbeta ya kuwaita wengine wale, yeye alikula wapi? Nilitembea nalo kama kokoto ndani ya kiatu.

Wikendi nilipanda basi kurudi Louisville, kwa kuwa huko nilikuwa na watu. Nilikuwa nimeanza kupiga tarumbeta katika kanisa la Wakongo kule South End nilipokuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza, jengo lililokuwa zamani duka la fanicha, jirani na fundi wa matairi. Kiongozi wa bendi alikuwa Papa Isaka, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyepanga maboksi ghalani wiki nzima na Jumapili akapuliza tarumbeta kama anayedai kitu chake. Espé, binti yake, alipiga ngoma. Bendi ilifanyia mazoezi chumba kilichopakana na jiko la kanisa, na ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo tulipokuwa tukitafuta sauti tulisikia sombe, majani ya muhogo, ikitwangwa na akina mama wakizungumza. Siku moja walinizungumzia mimi.

"Huyu Mukenya anasomea nini kule Columbus?"

"Banasema anasomea batumwa benye balikuwa banapiga tarumbeta kwa bafalme ya Bazungu."

"Batumwa? Na kwao banajua?"

"Umuache. Labda njo kazi inalipa."

"Inalipa wapi? Angalia viatu yake."

Papa Isaka alicheka mpaka akashindwa kupuliza. Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza chuoni, kama yule mtu wangu alipiga vizuri. Nikamwambia hatuna namna ya kujua, tuna picha tu. Akasema, "Angalia mashavu. Mutu hapigi vibaya na mashavu ile."

Ilikuwa katika arusi moja ya kanisa hilo, majira ya kiangazi, nilipoona kwa mara ya kwanza jambo ambalo baadaye nililiita desturi. Wakati wa chakula ulipofika, bendi ilisimama mlangoni mwa jiko na kupiga mwendo wa furaha, na masinia yakatoka nyuma yetu, bugali, sombe, samaki wa chumvi waitwao makayabu, kuku, akina mama wakicheza chini ya uzito wake. Nilidhani kazi yetu imekwisha. Nikaanza kufuta tarumbeta. Kumbe Papa Isaka alikuwa ameshaligeukia sinia la kwanza, analifuata hatua kwa hatua huku akipiga, na Espé nyuma yake na ngoma, hadi mbele kabisa penye meza ya maarusi, na hapo akaweka tarumbeta chini ya kiti na kuketi. Bibi arusi mwenyewe akampakulia. Nilibaki katikati ya ukumbi kama mtu aliyesahauliwa na basi. "Mutua!" aliniita. "Unasimama unangoja nini? Kuya."

Nilimuuliza baadaye, nyumbani kwake Highview, tukiwa tumekaa kwenye kochi lililofunikwa kitambaa cha kufumwa. "Shiye njo tunaleta chakula," alisema. "Sasa chakula iende kukaa, na shiye tubakie tunasimama? Bon, hapana. Ni desturi." Mkewe, Maman Riziki, alikuwa akikunja nguo. Alinyanyua macho, akamtazama, akaendelea kukunja. Mimi niliandika neno hilo, desturi, nikaliwekea alama ya nyota.

Novemba Profesa Ellen aliniita ofisini. Chuo kilikuwa na karamu ya kila mwaka kabla ya Krismasi, ya kuigiza kasri ya zamani: wafadhili wanavaa kofia na majoho, wanafunzi wanaimba, na kila chakula kinaingia ukumbini kwa tarumbeta. Mwaka huo alitaka iwe ya Kijerumani, na alitaka ionyeshe ukweli ambao watu hawaujui, kwamba miongoni mwa wanamuziki wa kasri zile walikuwamo Waafrika. "Utafiti wako," alisema, na macho yake yalikuwa mazuri kabisa, hayakuwa na hila. Aliuliza kama wale wenzangu wa Louisville wangekubali. Aliuliza pia, kabla sijafika mlangoni, kama bado natarajia nafasi ya usaidizi kwa masomo ya uzamivu, kwa sababu kamati inakaa Januari na yeye ndiye angenisemea. Bila nafasi hiyo sikuwa na ada, na bila masomo sikuwa na viza. Nilisema ndiyo kwa maswali yote mawili kwa pumzi moja, kisha nikakaa kwenye basi la kurudi Hilliard nikijiuliza kama yalikuwa maswali mawili au moja.

Papa Isaka alifurahi. Nilimfundisha ule mlio wa kuitia watu mezani, mfupi na mkavu, naye akaurefusha mwishoni, akauwekea mkia wa kwao Uvira. Siku yenyewe barafu ilikuwa imefunika barabara yote, na walifika Columbus, yeye na Espé, wamekaza mataya. Fundi wa mavazi alitungoja katika chumba cha nyuma na makoti matatu ya mahameli nyekundu, mazuri kweli, ya kututosha. Kulikuwa na vilemba vitatu vyenye unyoya. Na juu ya meza, kwenye karatasi laini, kulikuwa na ukosi mpana wa plastiki uliopakwa rangi ya fedha.

Nilikuwa nimempa fundi nakala ya picha yangu ili aone mshono wa koti. Alikuwa ameiona yote.

Papa Isaka aliuinua kwa vidole viwili. "Hii ni ya mbwa ao ya mutu?"

"Ya mtu, Papa. Iko kwenye picha."

"Picha ya nani?"

"Yangu," nilisema.

Fundi, aliyeona nyuso zetu bila kuelewa maneno, akasema haraka kwamba si lazima, ni ya atakayependa. Nilifungua mdomo kusema hatuvai. Nilikuwa na sentensi nzuri tayari, yenye sababu zake, na nilikuwa bado naipanga Papa Isaka alipoufunga ukosi shingoni mwake na kujitazama kwenye kioo kwa muda. "Nyepesi," alisema. "Ile ya kweli ilikuwa na uzito?"

"Ilikuwa ya fedha. Nadhani ilikuwa nzito."

"Unazani." Akageuza kichwa kushoto na kulia kama anayejaribu shati. "Bon. Benye walitualika wametushonea. Tuvae, tutaona." Espé alikataa kilemba, akabaki na kitambaa chake cha kitenge, na akamwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba hili jambo si zuri. Baba yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba aangalie ngoma yake. Nje ya mlango nilisikia mwanafunzi mmoja akimwambia mwenzake, "Wamependeza sana. Utadhani wametoka kwenye ile picha." Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana nimeshindwa kumsahau.

Tuliwekewa chakula chetu kwenye korido: piza mbili juu ya kiti, na soda. Ukumbini kulikuwa na mishumaa ya betri na meza ya juu iliyotandikwa kitambaa cheupe, ambapo aliketi mfalme wa usiku ule, mfadhili mmoja mzee, daktari wa meno mstaafu, mwenye taji la karatasi nzito. Viti kadhaa vya upande wake vilikuwa vitupu, kwa kuwa barafu ilikuwa imewazuia wageni. Tulipuliza supu ikaingia, tukarudi koridoni. Tukapuliza samaki, tukarudi. Kila tuliporudi piza ilikuwa imepoa zaidi, na Papa Isaka hakuigusa. Kisha ikaja nyama kuu, nguruwe mzima juu ya sinia kubwa, wanafunzi wanne wamelibeba begani, na tukapiga. Ukumbi ulishangilia. Sinia likapita mbele yetu kwenda meza ya juu. Na Papa Isaka, tarumbeta mdomoni, akaligeukia na kulifuata.

Nilijua mara moja kinachotokea, na nilijua kwamba ni mimi tu niliyejua. Espé alimfuata baba yake kwa sababu ngoma huifuata tarumbeta. Watu waliendelea kupiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo, hadi sinia lilipowekwa na Papa Isaka akavuta kiti kitupu kando ya mfalme, akaweka tarumbeta chini yake, akaketi. Makofi yakaisha vibaya, moja moja. Profesa Ellen alinijia kutoka pembeni, akiwa amevaa gauni la kijani, akanishika kiwiko. Hakukasirika. "Mutua," alininong'oneza, "waambie kwa upole kwamba chakula chao kiko nje. Waambie kwa lugha yenu, wasione aibu."

Nilitembea hadi meza ya juu. Ulikuwa mwendo mfupi, na sidhani nimewahi kufikiri mengi hivyo katika mwendo mfupi. Nilifikiria kamati ya Januari. Nilifikiria viza. Nilifikiria kwamba kwao hii ni desturi, hajui, amekosea ukumbi, na kumwinua mtu mzima kwa desturi yake mwenyewe ni jambo gani. Kisha nikafikiria kwamba kumwacha pia ni kumtumia, kumfanya ajibu swali la tasnifu yangu mbele ya watu bila ridhaa yake. Niliinama sikioni mwake. "Papa," nilisema. Hakunitazama. Alivua kilemba, akakiweka kando ya chumvi. Akafungua ukosi shingoni, akauweka juu ya kilemba, kama mtu anavyovua kofia yake mezani, bila haraka. "Vua kofia, mwanangu," alisema. "Tuombe."

Akafumba macho akaanza, kwa sauti ile ya kanisani isiyohitaji kipaza sauti. Alimshukuru Mungu kwa njia ya barafu waliyopita salama. Akamshukuru kwa waliopika, akawaombea wakubwa wa chuo na wa nchi hii. Mfalme akavua taji lake, akainamisha kichwa, na kutoka kwake vichwa vikaanza kuinama meza kwa meza, kofia za manyoya zikishuka, hata wanafunzi wabeba sinia. Nani angekatiza sala? Nilimwona Profesa Ellen pale pembeni, mikono ameiunganisha, macho wazi yakiniangalia. "Na umusaidie mutoto wetu Mutua," Papa Isaka alisema, "amalize kitabu yake, na bale benye banamufundisha uwabariki." Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti kitupu cha tatu, kilemba mkononi. Aliposema Amina, daktari wa meno naye akasema Amina, akamsogezea sahani ya kwanza. Nikavuta kiti, nikakaa.

Sikumbuki ladha ya ile nyama. Nakumbuka mfalme akimuuliza Papa Isaka, kwa Kiingereza cha polepole, amejifunza wapi tarumbeta, na Papa Isaka akimjibu, kwa Kiingereza cha polepole vilevile, kwamba kwa katekista mmoja, na kwamba meno ya mbele ndiyo kila kitu, na wale wazee wawili wakafunguliana midomo chini ya mishumaa kuonyeshana meno.

"Hukuwaambia," Profesa Ellen aliniambia tulipokuwa tukikunja makoti. Nikasema sikuwaambia. Aliitikia kwa kichwa, na akanipa mkono kila alipokutana nami mwaka uliobaki, na alisahihisha tasnifu yangu kwa uaminifu hadi koma ya mwisho. Januari nafasi ilimwendea mwingine. Huenda ingemwendea hata hivyo. Nimeigeuza ile Januari upande huu na ule miaka mingi na sijapata mshono wake. Nilimaliza, shule moja ya Louisville iliyohitaji mwalimu wa bendi ikanichukua na kunishughulikia karatasi, na katika sura ya mwisho ya tasnifu niliweka tanbihi kuhusu desturi ya Wakongo wa mashariki ambapo wapiga muziki hufuata chakula na kuketi nacho. Najua watu wawili walioinukuu. Baadaye Papa Isaka alihamisha familia Buffalo, waliko nduguze, na mimi na yeye tukabaki watu wa kusalimiana sikukuu.

Nilifika Buffalo theluji ikianguka. Tulimzika, na baada ya makaburi tukarudi kwenye ukumbi wa kanisa lao, na akina mama wakaingia jikoni. Maman Riziki alikaa kwenye godoro chini, miguu ameinyoosha, amezungukwa na wanawake. Nilipiga magoti kumpa pole, na kwa kuwa sijui kunyamaza penye huzuni, nilimwambia kwamba nimeandika juu ya ile desturi yao ya kufuata sinia, iko kwenye kitabu, haitapotea.

"Desturi gani?" alisema.

Nikamweleza. Alinitazama, na uso wake uliokuwa umevimba kwa kulia ukaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kitambaa. "Desturi ya nani? Kwetu hakuna ile kitu. Ni ya Isaka. Mwaka yetu ya kwanza mu Louisville balimwita kupiga kwa arusi, bakamuweka mu depo, nyuma ya viti. Bote bakakula. Chakula ikaisha. Alikunywa maji, akarudi kupiga mpaka mwisho. Arusi ya pili, akafuata sinia, akakaa. Kijana wa kuongoza arusi akamuuliza, papa, ni nini? Akasema: kwetu njo desturi." Alijifuta macho. "Na kila mutu aliogopa kusema hajue desturi ya kwao. Bakamletea kiti. Donc, ikakuwa desturi."

"Na Columbus, ile siku?"

"Columbus ni ile ile. Juu ya nini ingekuwa ingine? Alisema mulimuwekea chakula mu korido."

Nilikaa pale chini kando ya godoro. Nilikuwa nimesoma amri zote za meza nilizoweza kupata, nani akae na nani, nani apewe divai na nani bia, na sikuwahi kujiuliza yule wa mashavu pichani angeweza kumwambia nini msimamizi wa meza, asiyeijua nchi yake, kuhusu mambo yalivyo kwao.

Kutoka jikoni waliita bendi. Ilikuwa bendi ya Buffalo, vijana nisiowajua, na Espé kwenye ngoma, na mimi. Tulipiga mwendo wa taratibu, wa msiba, na masinia yakatoka, bugali ikifuka moshi. Vijana wakamaliza, wakaweka tarumbeta zao dirishani na kupanga foleni ukutani kungoja sahani zao. Sinia la kwanza lilikuwa linaelekea meza ya wachungaji. Espé alinitazama juu ya ngoma. Nikaligeukia sinia, tarumbeta mdomoni, nikalifuata, na ngoma ikaja nyuma yangu.

Mchungaji mkuu alishangaa nilipovuta kiti. Mzee mmoja aliyekaa mbele yake, asiyenijua, aliuliza, "Hii ni nini sasa?"

"Kwetu ndiyo desturi," nilisema.

Alinitazama, akatazama wenzake. Hakuna aliyesema hajui. Mmoja akasogeza kiti kumpa Espé nafasi, mwingine akawaashiria wale vijana wa ukutani waje.

"Yaya," Espé alininong'oneza, "vua kofia."

Ilikuwa kofia ya sufu, niliivaa kwa baridi ya makaburini na nilikuwa nimeisahau. Nikaivua, nikaiweka kando ya chumvi.